Nizamie mwezi gani? Maswali yenu kuhusu upepo, mwezi na maji

Mwezi huu maswali ya kuzamia kwa mtungi yamekuja mengi kuliko kawaida na karibu yote yanauliza kitu kimoja, mwezi gani mzuri. Nawaelewa, likizo kazini inaombwa mapema na tiketi nazo hazisubiri mtu, ila mtu akikutajia mwezi tu bila kukuuliza unaenda upande gani wa kisiwa na siku hizo maji ni bamvua, yaani yanajaa na kukauka sana, au ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, bado hajakusaidia kitu. Nimechagua machache, mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowapotezea watu hela.

Shikamoo dada. Mi na mume wangu tupo Dodoma, tumemaliza kozi ya kwanza ya kuzamia mwaka jana, ile ya mwisho mita 18. Tunataka Mafia, tuzamie na tuwaone potwe, wale papa wakubwa wanaoitwa whale shark. Likizo tunaweza kupata mwezi wa nne au wa nane, tukibembeleza sana wa kumi na moja. Kuna ndugu kasema mwezi wa nne lodji zinashusha bei sana, je tuwahi?

Marahaba mdogo wangu. Mwezi wa nne msiende, na nitakwambia kwa nini ili huyo ndugu naye asikurudishe tena kwenye hiyo bei.

Bei inashuka kwa sababu ni masika, na kuna lodji hazishushi chochote, zinafunga kabisa. Mafia inatazamana na delta ya Rufiji, na Rufiji masika inashusha maji ya sehemu kubwa ya nchi, tope la huko juu lote linaishia kwenye ule mlango kati ya bara na kisiwa. Juu ya mvua kuna upepo, maana mwezi wa nne ndipo kaskazi inaisha na kusi inaanza kuingia, kwa hiyo leo bahari shwari kama sinia, kesho imechafuka mpaka boti ndogo hazitoki. Na mwaka 2024 mmeona wenyewe, kimbunga Hidaya kiliingia pale pale Mafia tarehe 4 mwezi wa tano. Vimbunga kufika kwetu si jambo la kila mwaka lakini mkia wa msimu wao ndio unaangukia kipindi hicho. Utalipa nusu bei halafu ukae siku tano barazani unasikiliza mvua.

Sasa huo upepo wenyewe, maana ukiuelewa hutauliza tena mwezi. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi inaanza kuvuma mwezi wa kumi na mbili au mwishoni mwa kumi na moja mpaka wa tatu, maji yanapata joto, mwezi wa tatu yanafika digrii 29 hata 30. Kusi inakuja baada ya masika, inakaza mwezi wa sita mpaka wa nane, maji yanapoa mpaka digrii 25 hivi na mawimbi ya upande wa mashariki yanakuwa makubwa kweli. Katikati ya hizo mbili kuna vipindi vifupi ambavyo upepo haujaamua uende wapi, wazee wanaita maleleji, na kile cha mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndicho ninachokipenda kuliko vyote, bahari inalala, mvua za vuli zikija zinanyesha saa moja na kukatika.

Kwa Mafia maana yake ni hivi. Wazamiaji wengi wanakaa Utende, upande wa Ghuba ya Chole. Ndani ya ghuba mnaweza kuzamia hata wakati wa kusi kwa sababu miamba na visiwa vya Juani na Jibondo vinakinga, lakini kwenda nje ya ghuba, kule kwenye ukuta wa matumbawe unaoshuka, ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Potwe nao msimu wao wa kuonekana kwa urahisi ni huo huo, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili au wa tatu, ila wao wako upande wa pili wa kisiwa, kule Kilindoni, wanakuja juu kula vijidudu na kamba wadogo wadogo. Watu wanadhani wakati wa kusi wamehama, kumbe watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa sauti wakakuta wengi wanabaki karibu na Mafia mwaka mzima, wanashuka tu kwenye maji ya kina na mbali kidogo na ufukwe.

Kwa hiyo bembelezeni huo mwezi wa kumi na moja. Mkipata, siku moja mnatoka Kilindoni na maski na mapezi tu bila mtungi, potwe anaangaliwa kwa kuelea juu, na tafadhali msimguse wala msimkate njia mbele. Siku nyingine mbili tatu mnazamia Chole.

Bosi akikataa kabisa basi chukueni wa nane, siyo wa nne. Hamtamwona potwe lakini nyangumi wenye nundu wanakuwa wamepanda kutoka kusini kuja kuzaa kwenye maji yetu, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa au wa kumi, na ukiwa chini ukashusha pumzi taratibu wakati mwingine unasikia wanaimba, mlio unaokufika kifuani kabla hujaujua ni nini. Kisiwani Juani pia vifaranga vya kasa wanakuwa wanatoka kwenye mchanga kipindi hicho. Bebeni suti nzito na mtie kitambulisho mfukoni, Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kuna kiingilio, na raia analipa tofauti na mgeni.

Mambo dada. Niko Mbezi. Nilienda Unguja mwezi wa pili, kila mtu aliniambia ndo msimu wenyewe, maji kioo. Nilipiga daivu mbili, sikuona hata mkono wa mwenzangu vizuri, maji kama uji wa ulezi. Rafiki yangu kaenda sehemu ile ile wiki iliyofuata karudi na picha za kufa mtu. Nimerogwa au nimetapeliwa?

Hujarogwa ndugu yangu na pengine hata hujatapeliwa. Ulienda msimu sahihi, wiki siyo.

Hili ndilo naona halisemwi na ningependa lisemwe kila siku. Upepo unakuchagulia mwezi, lakini siku inachaguliwa na mwezi ule wa juu. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwa kawaida inakaza siku moja au mbili baadaye. Kama nyumbani kuna kalenda ya Kiislamu basi huhitaji apu yoyote, angalia tarehe, kwenye 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 ni bamvua, kwenye 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24 ni maji mafu. Kwenye bamvua kubwa huku kwetu maji yanapanda na kushuka mpaka mita 4 hivi, kwenye maji mafu ni mita moja na kitu tu. Fikiria sasa, maji yote hayo yaingie na yatoke ndani ya saa sita sita, yakipita juu ya mchanga, juu ya majani ya bahari, ndani ya mikoko. Yanatoka na kila kitu.

Na kuna saa zake. Unguja siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakauka kwenye saa nne. Muulize mama yeyote anayelima mwani Paje au Jambiani, yeye anashuka shambani asubuhi kwenye siku za bamvua kwa sababu ndipo maji yanaenda mbali na vigingi vinaonekana. Sasa boti nyingi za wazamiaji zinatoka saa tatu. Kwa hiyo mtu aliyebuku siku ya bamvua anaingia majini saa tatu na nusu, saa nne, wakati maji ya ghuba na mikoko yanamalizika kutoka, ndo huo uji wako. Wiki moja mbele yakiwa maji mafu, saa hizo hizo maji yanakuwa yamejaa, maji ya bahari kuu yameingia, meupe, na mkondo hauna nguvu. Rafiki yako hajakuzidi ujanja, wiki yake ndiyo ilikuwa nzuri.

Mkondo nao siyo wa kuchezea. Mi mwenyewe miaka ya mwanzo nilipelekwa na kituo kimoja kwenye mlango wa mwamba, siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji yanatoka. Hakuna aliyetuambia kitu kuhusu maji, tuliambiwa tu ruka. Nilipofika mita 14 niliona samaki wote wameelekea upande mmoja, hamna hata mmoja aliyegeuka, na zile matumbawe za mfano wa kipepeo cha kupepea zimelala kama mnazi kwenye dhoruba. Nikageuza shingo kumtafuta mwenzangu na maski ikaanza kutetemeka usoni, maji yakaingia kwa pembeni. Nilishika jiwe kwa glovu, nikaona mapovu yangu hayapandi juu, yanakwenda kando. Tulipoachia tulisafiri, sisemi tuliogelea, na tulipotokea juu mwamba ulikuwa mstari mwembamba nyuma yetu na boti imeelekea upande mwingine inatutafuta pale tuliporukia. Kilichotuokoa ni yule kiongozi wetu kuwa na boya la mpira la rangi ya machungwa alilolijaza hewa tukiwa bado chini, likasimama juu kama mshumaa. Tulielea kama nusu saa hivi. Tangu siku hiyo boya langu sikopeshi mtu.

Kwa hiyo ukibuku tena, usiulize "msimu mzuri lini" peke yake. Uliza siku hizo maji yatajaa saa ngapi na boti itatoka saa ngapi, na kama wanabadilisha saa kufuata maji. Kituo kinachosema sisi tunatoka saa tatu kila siku iwe iweje, mi sirudi. Siku yenyewe ukifika, kabla hujaruka angalia kamba ya boya walilofungia boti, ikiwa imelegea basi sawa, ikiwa imenyooka na boya lina mkia wa povu nyuma yake, muulize kiongozi mpango ni upi na kama yeye mwenyewe ana boya la kutokea. Epuka pia bamvua za mwezi wa tatu na wa tisa kama bado mgeni, ndizo kubwa kuliko zote za mwaka.

Habari yako dada. Sisi ni group ya mabeste kutoka Nairobi, tunashuka coast Disemba. Wengine wanataka Malindi wengine Watamu, na mmoja anasema twende tu Diani. Tumefanya kozi wote. Wapi maji itakuwa poa?

Karibuni sana baharini. Msimu wa Kenya kwa ujumla ni Oktoba mpaka Machi, wakati wa kusi vituo vya Watamu vingi vinafunga kuanzia Mei mpaka Julai hivi kwa sababu upepo unapiga moja kwa moja ufukweni. Disemba mko sawa, lakini Malindi Disemba ina mtihani wake na unaitwa Sabaki.

Mto Sabaki unaanzia huko huko kwenu juu, Athi ndiyo hiyo hiyo, unashuka unakuwa Galana, unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Wakati wa kusi lile tope lake linasukumwa kwenda kaskazini, mbali na mji. Kaskazi ikianza linageuzwa kuja kusini, yaani juu ya matumbawe ya Malindi. Na kaskazi inaanza lini? Baada tu ya mvua za vuli, mto ukiwa umejaa. Mwaka wa vuli kubwa, kama 2019 na 2023, mnaweza kufika mkakuta bahari ya Malindi ni rangi ya chai ya maziwa mpaka upeo wa macho. Watamu iko mbali zaidi kusini kwa hiyo mara nyingi inapona. Sisemi Malindi mbaya, hifadhi za Malindi na Watamu zote mbili zilianza 1968, za kwanza za bahari Kenya, na wazee wetu waliozipigania walijua wanalinda nini. Ila kwa Disemba ningechagua Watamu kwanza, na kama mvua bado hazijaacha kabisa ningeshuka mpaka Diani au Shimoni, Kisite, kule hakuna mto wa ukubwa wa Sabaki wa kuwachafulia.

Wale wenye kozi ya pili, ya mita 30, wapitie na Mombasa wauone ule mzoga wa meli ya MV Dania, ilizamishwa makusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki na kweli imekuwa. Meli inataka maji mafu kuliko hata mwamba, kwa sababu kwenye mkondo unatumia hewa yako yote kujishikilia. Na mkiweza kusubiri, Februari na Machi maji ndiyo yanakuwa na joto zuri na papa potwe na taa wakubwa wanaonekana zaidi maeneo ya Watamu na Diani.

Assalaam alaykum dada yangu. Nipo Muscat, asili yangu Wete. Natarajia kwenda nyumbani Pemba mwezi wa saba na watoto, nataka kuzamia kule. Jamaa zangu hapa wananiambia mwezi wa saba ni kusi, nisijisumbue, nizamie hapa hapa Oman kabla ya kuondoka. Nifuate lipi?

Waalaykumu salaam kaka. Fuata yote mawili lakini kwa mpango.

Jamaa zako wamesema kweli kuhusu kusi ila wamesahau Pemba imekaaje. Kusi inatoka kusini mashariki, na Pemba yenyewe ndiyo ukuta wake. Ukienda upande wa magharibi, Misali, Fundo, mlango wa Njao, kisiwa chote kinakuwa mgongoni kwako kinakukinga. Siku za upepo mkali utaona mawimbi yanavunjika kule mashariki na huku Misali watoto wanaogelea. Na maji ya Pemba yana siri yake, ule mkondo kati ya kisiwa na bara una kina cha zaidi ya mita 800, kwa hiyo maji yanayoosha kuta za magharibi ni ya bahari kuu kabisa, siku nzuri unaona mita 30 mbele na zaidi. Tatizo lako litakuwa baridi ya digrii 25 na kuvuka, siyo kuzamia. Kama watoto wanatapika baharini, Unguja kwenda Pemba mwezi wa saba panda ndege. Na kwa sababu kuta zinashuka kuliko macho yanavyofika, kaa na kipimo chako mkononi, mtu anasahau kina kirahisi sana maji yakiwa meupe.

Sasa Oman. Hapa kuna jambo linanifurahisha kila nikilifikiria, hiyo kusi inayokuchafulia bahari ya Pemba ndiyo hiyo hiyo inayoleta kharifu, ule msimu wa manyunyu na ukungu, kule Salalah kusini mwa Oman. Inavuka ikweta, inapinda kuelekea kulia, inavuma sambamba na pwani ya Dhofar na kuyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na nafasi yake inachukuliwa na maji baridi kutoka chini, chini ya digrii 20, yenye chakula kingi mpaka mwani mkubwa wa majani marefu unaota kama msitu, kitu ambacho mtu hategemei kwenye nchi ya joto. Kwa hiyo Mirbat, pale jirani na Salalah, mwezi wa sita mpaka wa tisa hakuna kuzamia, bahari hairuhusu. Subiri Oktoba kwenda mbele.

Karibu na wewe hapo Muscat ni habari nyingine, Visiwa vya Daymaniyat vinazamiwa mwaka mzima, na joto likiwa kali huko juu, Agosti mpaka Oktoba hivi, ndiyo potwe wanapita. Ila usidanganyike na maji ya juu, juu unaweza kukuta digrii 30, ukashuka mita kumi ukaingia kwenye tabaka la baridi kama umefungua friji, linakatika kwa mstari unaouona kwa macho, maji yanatetemeka kama hewa juu ya lami. Beba suti nzima hata kama boti wanakucheka. Na kumbuka kipindi cha kasa kutaga huruhusiwi kushuka kwenye visiwa vyenyewe, unazamia na kurudi botini.

Dada mi navaa hijabu na pia nasikia baridi haraka. Nitaweza?

Utaweza vizuri sana mdogo wangu. Suti ya kuzamia inafunika mkono mpaka kifundo na mguu mpaka kifundo, na kuna kofia yake ya kichwa na shingo inaacha uso tu, mimi mwenyewe naivaa kusi nzima kwa ajili ya baridi, na juu yake unaweza kuvaa gauni fupi la kuogelea lisilo pana, lisinase kwenye mikanda. Wakati wa kaskazi milimita 3 zinatosha watu wengi, wakati wa kusi chukua 5. Wewe unayesikia baridi haraka chukua 5 mwaka mzima na ongeza kofia. Waambie saizi yako kabla ya siku, maana suti kubwa kupita mwili ni sawa na hujavaa, maji yanaingia na kutoka yanakuibia joto. Boti ukipanda vua ujifute, daivu ya pili ndiyo inayowatetemesha watu kwa sababu wamekaa saa nzima na suti mbichi kwenye upepo.

Sisi watu wa Kigoma mnatusahau kila siku, au ziwani hakuzamiwi?

Kunazamiwa na ni pazuri, nisameheni. Ziwa Tanganyika kwenye miamba maji ni meupe kweli, na wale samaki wadogo wa rangi wanaosafirishwa nje kama samaki wa mapambo wengi hawapatikani kokote duniani isipokuwa humo. Kina chake kinafika mita 1,470 kwa hiyo usishindane nalo. Kiangazi, mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa kusini unaleta mawimbi ya haja, nenda asubuhi mapema kabla haujaamka. Wakati wa mvua kaa mbali na midomo ya mito kama Malagarasi, tope. Mamba ulizeni wavuvi wa pale pale siyo wa mji mwingine, na kwa sababu ya kichocho ingilieni kwenye mawe, siyo kwenye matete.

Jambo kubwa ambalo mtu wa pwani halijui, ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 hesabu za kuzamia zinabadilika, hewa juu ya maji ni nyepesi zaidi kwa hiyo mwili unapotoka unatoa naitrojeni, ile gesi iliyouingia ukiwa chini, kwa haraka zaidi. Kompyuta ya mkononi iwekwe kwenye mwinuko huo kama haijipangi yenyewe, na upande taratibu kuliko ulivyozoea.

Dada, nakaa Arusha. Nimepata ofa ya Jumamosi mpaka Jumapili Unguja. Daivu Jumapili asubuhi mbili, ndege saa kumi na moja jioni narudi kazini. Inawezekana?

Haiwezekani mdogo wangu, na aliyekuuzia hiyo ratiba alitakiwa akuambie. Ukizamia mara moja tu unasubiri angalau saa 12 kabla ya ndege, ukizamia zaidi ya mara moja au siku mfululizo ni angalau saa 18, na vituo vingi makini vinakwambia 24, mi nakaa na hiyo. Naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inahitaji muda itoke kwa pumzi, ukipanda juu kabla haijatoka inageuka mapovu kwenye viungo na kwenye mishipa. Nimemwona mtu bega limemuuma hivyo, alidhani amelala vibaya.

Na usidhani basi litakuokoa. Arusha iko kwenye mita 1,400, ukipanda boti ya jioni kuja Dar ukaunganisha na basi la usiku bado unapanda mlima na mapovu yako, taratibu tu. Hao wa Nairobi hapo juu nao wasome hapa, treni ya kutoka Mombasa inawapeleka mpaka mita 1,700 hivi kwa saa tano au sita, mwilini ni karibu sawa na ndege.

Fanya hivi, omba Jumatatu. Zamia Jumamosi yote na usiku ulale, Jumapili ogelea juu juu na maski au tembea Mji Mkongwe, Jumatatu asubuhi panda ndege. Kama Jumatatu haipatikani, zamia Jumamosi asubuhi peke yake na Jumapili ikae tupu. Nimekuangalizia na kalenda, kama ofa yenyewe inakuruhusu kuchagua wikiendi basi chukua iliyo karibu na tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu, usichukue ya mwezi mpevu. Na ukiamka Jumamosi na mafua, masikio yamekaza, usimeze dawa ya kuzibua pua ili ushuke, dawa ikiisha nguvu ukiwa mita 15 sikio ndilo linalolipa. Waambie wakuhamishie siku nyingine, piga simu mapema kabla boti haijapangwa watu.